Juu ya Mvua

Mchana wa tarehe 15 Juni 1991, wakazi wa kisiwa cha Luzon nchini Ufilipino walipatwa na misiba miwili kwa mpigo. Mlima Pinatubo, uliokuwa umelala kwa takriban miaka 500, ulilipuka kwa nguvu zake zote. Na saa hizohizo kimbunga kilichopewa jina la Yunya kilikuwa kinapita karibu na mlima huo. Majivu yaliyokuwa yakimwagika kutoka angani yalikutana na mvua ya kimbunga, yakaloa, yakawa mazito, yakarundikana juu ya mapaa. Mamia ya watu walikufa, na wengi wao hawakuuawa na moto wala mawe. Waliangukiwa na mapaa ya majengo waliyokimbilia kujihifadhi.

Vifo vingekuwa vingi mara nyingi zaidi kama si wanasayansi wa Ufilipino, wakiongozwa na Raymundo Punongbayan, pamoja na wenzao wa Marekani, ambao tangu Aprili walikuwa wakisikiliza mitetemo ya mlima na kupima gesi iliyotoka kwenye nyufa zake. Walisema utalipuka, wakasema na lini, na makumi ya maelfu ya watu wakahamishwa. Kambi kubwa ya jeshi la anga la Marekani ya Clark, iliyokuwa chini ya mlima huo, ilihamwa tarehe 10 Juni, siku tano tu kabla.

Kwa watu wa Luzon, adui alikuwa majivu. Kwa sisi wengine wote duniani, majivu hayakuwa na neno. Sehemu kubwa yalishaanguka ndani ya siku na wiki chache. Kilichobaki juu kilikuwa gesi isiyoonekana kwa macho, salfa dioksidi, kati ya tani milioni 15 na 20, iliyorushwa na mlima kimo cha hadi kilomita 35 na zaidi. Gesi hiyo ndiyo iliyopunguza joto la dunia nzima mwaka uliofuata.

Basi ukitaka kujua kama mlima uliolipuka utabadili hali ya hewa ya dunia, usiulize kwanza kishindo chake kilisikika wapi wala majivu yake yamefunika nini. Uliza umetoa salfa kiasi gani. Uliza salfa hiyo imefika juu ya mvua au imebaki chini yake. Kisha uliza mlima wenyewe uko upande gani wa ikweta. Swali hili la tatu ndilo linaloigusa Afrika kuliko yote, na ndilo lililochelewa sana kuulizwa.

Mpaka wa mvua

Hewa tunayoishi ndani yake, yenye mawingu, radi na mvua, inaitwa troposfia. Juu ya ikweta inapanda mpaka kilomita 16 au 17. Karibu na ncha za dunia haizidi sana kilomita 8 au 9. Humu, kadiri unavyokwenda juu ndivyo baridi inavyozidi, kama anavyojua kila aliyepanda Kilimanjaro. Hewa ya joto hupanda, ya baridi hushuka, na katika kupanda na kushuka huko mawingu huzaliwa. Chochote kinachoingia humu, iwe vumbi la Sahara, moshi wa tanuri la mkaa au salfa ya volkano, hakikai. Mvua hukiosha ndani ya siku chache, au wiki mbili tatu kikibahatika.

Ukivuka mpaka ule unaingia stratosfia, na mambo yanageuka. Ozoni iliyomo kule hunyonya miale ya jua ya urujuanimno na kuipasha hewa, hivyo kadiri unavyopanda joto linaongezeka badala ya kupungua. Hewa yenye joto iko juu tayari, haina sababu ya kushuka. Ya baridi iko chini, haina nguvu ya kupanda. Mawingu ya mvua hayajengeki. Chembe ndogo ikifika kule inaweza kukaa mwaka mzima, hata miwili, kwa sababu tu hakuna cha kuishusha isipokuwa uzito wake mwenyewe, ambao ni karibu na bure.

Hii ndiyo sababu milima yetu ya moto, pamoja na madhara yake yote, haijapoza dunia katika kumbukumbu zetu. Nyiragongo ulimwaga lava mpaka katikati ya mji wa Goma mwezi Januari 2002, ukamwaga tena tarehe 22 Mei 2021, na watu wa Goma hawahitaji kusimuliwa na mtu hasara yake. Lakini lava hutiririka, haipandi. Jirani yake, Nyamulagira, ni miongoni mwa milima iliyotoa salfa nyingi zaidi duniani katika miongo ya karibuni, na wakulima wa Kivu wameona majani ya mazao yao yakiungua kwa mvua ya asidi. Mvua hiyo ndiyo jibu lenyewe: salfa ya Nyamulagira kwa sehemu kubwa hubaki chini ya mpaka, na mvua huirudisha mashambani. Ol Doinyo Lengai wa Tanzania, uliorusha majivu mwaka 2007 na 2008, hutoa lava ya aina yake duniani, iliyojaa kaboneti, lakini milipuko yake haikuwa na salfa wala nguvu ya kufika huko juu kwa kiasi cha kutikisa hali ya hewa.

Kuna jozi ya milima inayoonyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo yoyote. Tarehe 18 Mei 1980, Mlima St. Helens wa Marekani ulipasuka ubavu mbele ya kamera, na picha zake zimezunguka dunia mpaka leo. Salfa yake ilikuwa kama tani milioni moja, na joto la dunia halikuonyesha badiliko la maana. Miaka miwili baadaye, mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili 1982, El Chichón wa kusini mwa Mexico, mlima ambao watu wengi hawakuwa wamewahi kusikia jina lake, ulilipuka na kutoa salfa dioksidi ipatayo tani milioni 7. Mlima wenye picha ulisahauliwa na anga. Mlima usio na picha ulibaki angani miaka kadhaa.

El Chichón ulitufundisha pia kwa njia isiyotarajiwa. Setilaiti ya Nimbus-7, iliyorushwa mwaka 1978, ilibeba kifaa cha kupima ozoni kwa kutazama miale ya urujuanimno inayorudi kutoka duniani. Baada ya mlipuko ule kifaa kilionyesha ozoni nyingi mno juu ya Mexico, nyingi kuliko inavyowezekana. Arlin Krueger wa NASA alitambua kwamba kifaa kilikuwa kinaona salfa dioksidi, ambayo nayo hunyonya miale ileile. Tangu hapo wanadamu wameweza kupima gesi ya volkano kutoka angani siku hiyohiyo ya mlipuko, na Pinatubo ulipofika, kifaa hichohicho kilikuwa bado kazini.

Salfa yenyewe haizuii jua ikiwa bado gesi. Kule juu hukutana na chembe tendaji zinazotokana na mvuke wa maji, ikageuka taratibu, nusu yake na zaidi ndani ya mwezi mmoja hivi, kuwa asidi ya salfa. Asidi hiyo hushikamana na maji kidogo yaliyopo na kufanya vitone: robo tatu asidi, robo moja maji. Kitone kimoja cha Pinatubo kilikuwa na nusu kipenyo cha karibu nusu mikromita, yaani ungepanga vitone elfu moja mfululizo ndipo ufikishe milimita moja. Kipimo hicho ndicho chenye hatari zote. Urefu wa mawimbi ya mwanga wa jua nao ni kama nusu mikromita, na chembe inayolingana na wimbi ndiyo inayolitawanya vizuri kuliko zote. Joto linalopanda kutoka ardhini usiku lina mawimbi marefu mara ishirini, nayo huvipita vitone hivyo bila kusumbuliwa sana. Kwa hiyo mwanga unaokuja unazuiwa kuliko joto linaloondoka, na dunia inapoa. Chembe kubwa ya majivu isingeweza kufanya hivyo hata kama ingebaki juu.

Haya hayakujulikana kwa kukisia. Christian Junge, mwanasayansi wa Kijerumani, alikuwa ameshagundua kwa kutumia puto, karibu na mwaka 1960, kwamba kuna tabaka jembamba la chembe za salfa kwenye kilomita 20 hivi kuizunguka dunia. Kisha mwaka 1963 Mlima Agung ulilipuka Bali, ukaua watu zaidi ya elfu moja, na ndege aina ya U-2, zilezile zilizoundwa kwa upelelezi, zikatumwa kukusanya chembe juu ya Australia. S. C. Mossop alizitazama chini ya hadubini ya elektroni. Aliona vumbi la mwamba, ndiyo, lakini pia aliona salfa imelifunika vumbi hilo. Kwa muda mrefu wataalamu walikuwa wameita kitu hiki pazia la vumbi. Hapo ndipo lile vumbi lilipoanza kupoteza cheo chake.

Wewe msomaji, kama ulikuwa hai na macho usiku wa kuamkia tarehe 10 Desemba 1992, huenda uliviona vitone vya Pinatubo bila kujua. Usiku huo mwezi ulipatwa mzima, na katika Afrika Mashariki kilele chake kilikuwa saa nane na robo tatu usiku. Mwezi uliopatwa kwa kawaida haupotei; huwa na rangi ya shaba, kwa sababu mwanga kidogo wa jua hupinda kwenye ukingo wa hewa ya dunia na kuufikia. Usiku ule ulikuwa mweusi mno, mahali pengine ukitafutwa kwa shida. Mwanga ambao ungepita kwenye ukingo wa stratosfia ulikuwa umezuiwa na asidi ya mlima uliolipuka mwaka mmoja na nusu kabla. Wapo wanasayansi, akiwemo Richard Keen wa Colorado, ambao wamekuwa wakipima volkano kwa njia hii: wanautazama mwezi na kukadiria ni giza kiasi gani.

Upepo wenye zamu

Wingu la Pinatubo lilizunguka dunia nzima kwa muda wa siku 22 hivi. Lilikwenda kuelekea magharibi, likivuka Bahari ya Hindi, Afrika na Atlantiki, likarudi juu ya Ufilipino. Lakini kwenda kaskazini na kusini kulikuwa jambo jingine kabisa: kwa miezi ya kwanza sehemu kubwa yake ilibaki kati ya latitudo 20 kusini na 30 kaskazini. Kwa nini liende mbio upande mmoja na kujikokota upande mwingine?

Jibu la nusu ya kwanza lilianza na Krakatau. Mlima huo, ulioko kati ya Java na Sumatra, ulilipuka tarehe 26 na 27 Agosti 1883 na kuua watu zaidi ya 36,000, wengi kwa mawimbi ya bahari. Mawe yake mepesi yenye matundu yalielea Bahari ya Hindi yote mpaka yakafika pwani ya Afrika Mashariki mwaka uliofuata. Angani salio lake lilienda kasi zaidi. Mchungaji mmoja wa Honolulu, Sereno Bishop, aliona tarehe 5 Septemba duara hafifu la rangi kuzunguka jua, akaanza kukusanya taarifa za mahali pengine palipoonekana jua la buluu, jua la kijani, au machweo mekundu kupita kiasi. Alipozipanga kwa tarehe, zilifuatana kuelekea magharibi, nchi baada ya nchi, kandokando ya ikweta, zikaizunguka dunia kwa muda wa wiki mbili hivi. Bishop hakuwa na kifaa chochote. Alikuwa na barua za watu na kalenda. Kwangu mimi huo ni mmoja wa uchunguzi mzuri kuliko wote katika historia ya elimu ya hewa.

Kutokana na Krakatau, ikaandikwa vitabuni kwamba juu kabisa ya ikweta upepo hutoka mashariki, na jambo likahesabiwa limekwisha. Halikuwa limekwisha. Mwaka 1908 Arthur Berson, mtaalamu wa hewa kutoka Ujerumani, alileta msafara wake Afrika Mashariki na kurusha puto zenye vipimo juu ya Ziwa Victoria. Zilipofika zaidi ya kilomita 15 zilisukumwa na upepo uliotoka magharibi. Wataalamu walikuwa na ushahidi mzuri wa pande mbili usiopatana, na kwa zaidi ya miaka 50 walijaribu kuupatanisha kwa kuchora ramani zenye tabaka la upepo wa magharibi hapa na la upepo wa mashariki pale.

Kila mmoja alikuwa sahihi kwa siku yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Richard Reed wa Marekani, na Waingereza Veryard na Ebdon kwa upande wao, walionyesha kwamba upepo wa stratosfia juu ya ikweta una zamu: huvuma kutoka mashariki mwaka mmoja na kitu, ukafa, ukageuka kutoka magharibi, na mzunguko mzima huchukua kama miezi 28. Baharia wa Lamu au Unguja asingeshangaa sana. Yeye ameishi na kaskazi na kusi maisha yake yote, ila zake hubadilishana ndani ya mwaka na hufuata jua, na zile za juu hazifuati msimu wowote. Wingu la Krakatau lilikuta zamu ya mashariki. Puto za Berson zilikuta zamu ya magharibi. Kituo cha Nairobi, ambacho tangu mwaka 1996 hurusha puto za kupima ozoni, kiko karibu kabisa na ikweta, mahali ambapo zamu hizo husomeka waziwazi.

Nusu ya pili ya jibu ni mwendo wa polepole. Hewa ya stratosfia hupanda juu ya ukanda wa joto, husafiri kuelekea ncha za dunia, na kushuka kule. Mtiririko huu unaitwa kwa majina ya waliougundua, Alan Brewer na Gordon Dobson: Brewer aliuona mwaka 1949 katika ukavu wa ajabu wa hewa juu ya Uingereza, ambao ungewezekana tu kama hewa hiyo iliwahi kupita kwenye mpaka wa baridi kali ulio juu ya tropiki. Mtiririko huchukua miezi mingi, na huwa na nguvu zaidi kuelekea upande ulio katika majira ya baridi.

Hapa ndipo latitudo ya mlima inapoanza kuwa na maana. Volkano ikilipuka karibu na ikweta, mtiririko huchukua salfa yake na kuigawa pande zote mbili za dunia, na kwa kuwa inaanzia kwenye mlango wa kupandia, inakaa muda mrefu kabla ya kushushwa. Volkano ya Iceland au Alaska inaanzia karibu na mlango wa kushukia. Salfa yake inabaki upande wa kaskazini na kuanguka mapema. Pinatubo, ulioko latitudo 15 kaskazini, uligawa kote. Agung, ulioko latitudo 8 kusini, ulipeleka sehemu kubwa kusini. El Chichón, latitudo 17 kaskazini, ulibakiza sehemu kubwa kaskazini. Msimu, zamu ya upepo na kimo cha wingu vyote vina sauti katika hesabu hiyo.

Wanaochimba barafu ya Greenland na Antaktiki wanaitumia kanuni hii kwa kuigeuza. Kila mwaka theluji huanguka na kuzika ya mwaka uliopita. Asidi ya volkano huonekana kama mstari. Mstari ukiwa Greenland tu, mlima ulikuwa kaskazini. Ukiwa ncha zote mbili, mlima ulikuwa tropiki. Kwa njia hiyo ilijulikana kwamba karibu na mwaka 1258 kulikuwa na salfa nyingi kuliko ya mlipuko mwingine wowote wa miaka elfu kadhaa, na mlima wake haukujulikana. Mwaka 2013 Franck Lavigne na wenzake waliutambua: Samalas, katika kisiwa cha Lombok, Indonesia, uliolipuka mwaka 1257. Barafu haikuwa shahidi pekee. Maandishi ya kale ya Lombok, yaliyoandikwa juu ya majani ya mtende, yanausimulia mlipuko huo na mji wa Pamatan uliozikwa nao.

Joto lilishuka lini

Pinatubo ulipolipuka, James Hansen na wenzake wa NASA mjini New York waliuona kuwa mtihani. Waliingiza salfa hiyo katika hesabu za kompyuta zao na kuchapisha jibu mwezi Januari 1992, kabla baridi haijaonekana: dunia itapoa kwa karibu nusu digrii ya Selsiasi kufikia mwisho wa mwaka huo, kisha itarudi. Ikawa hivyo. Nusu digrii inaonekana ndogo, lakini ni wastani wa dunia nzima, bahari na nchi kavu, na ilifunika kwa muda joto lililokuwa limeongezwa na miongo kadhaa ya kuchoma makaa ya mawe na mafuta. Kufikia mwaka 1995 salfa ilikuwa imekwisha kuanguka na joto limerudi kwenye mwendo wake.

Huko juu kwenyewe mambo yalikuwa kinyume. Vitone vilinyonya joto kidogo na stratosfia ya tropiki ikapanda digrii mbili hadi tatu. Pia vilitoa nafasi ya kemikali za klorini zilizotokana na majokofu na makopo ya dawa ya kupuliza kula ozoni kwa kasi zaidi, na mwaka 1992 na 1993 ozoni ya dunia ilishuka asilimia 2 hadi 3 chini ya kiwango cha mwaka wowote uliokuwa umepimwa kabla. Bila klorini ile ya viwandani, vitone vya Pinatubo visingekuwa na madhara hayo.

Maelezo ya volkano na hali ya hewa kwa kawaida huishia hapa, kwenye baridi. Yana mfano wake mkuu: Tambora, uliolipuka Sumbawa mwezi Aprili 1815, na mwaka 1816 uliokosa majira ya joto huko Ulaya na kaskazini mashariki mwa Marekani, mahindi yakafa kwa jalidi na Uswisi ikaingia katika njaa. Ni kisa cha kweli na cha kuumiza. Lakini kinaelezwa kutoka mahali ambapo baridi ndiyo inayoua mazao. Kwetu, kinachoua mazao ni mvua kutonyesha.

Mto Naili wapungua

Tarehe 8 Juni 1783 ardhi ya kusini mwa Iceland ilipasuka kwenye mstari wa mashimo uitwao Laki, ikamwaga lava na gesi kwa miezi minane. Salfa dioksidi yake ilifika kama tani milioni 120. Mifugo ilikufa, na kiasi cha moja ya tano ya watu wa Iceland au zaidi waliangamia. Ukungu mkavu ulifunika Ulaya, na Benjamin Franklin, aliyekuwa balozi wa Marekani Paris, akaandika kwamba huenda volkano ya Iceland ndiyo sababu.

Wakati huohuo Misri ilikuwa inangoja maji. Mfaransa Volney, aliyekuwa akisafiri nchini humo, aliandika kwamba mafuriko ya Naili ya mwaka 1783 hayakutosha, mashamba hayakupandwa, na mwaka 1784 maji yakapungua tena. Kwa makadirio yake, kufikia Januari 1785 mtu mmoja kati ya sita alikuwa amekufa au ameikimbia nchi. Volney hakuwa na sababu ya kufikiria Iceland. Mwaka 2006 Luke Oman na wenzake waliiweka salfa ya Laki katika hesabu za hali ya hewa, na hesabu zikatoa mvua pungufu juu ya nyanda za juu za Ethiopia na ukanda wa Sahel. Maji ya mafuriko ya Naili hutoka Ethiopia zaidi kuliko Ziwa Victoria, kwa hiyo mvua ya Ethiopia ikikosa, Misri inajua.

Namna inavyotokea ni hii. Ukanda mkuu wa mvua wa tropiki, uleule unaopita juu yetu mara mbili kwa mwaka na kutuletea masika na vuli, hupenda kukaa upande wa dunia wenye joto zaidi. Volkano ya kaskazini ikipoza nusu ya kaskazini peke yake, mizani inaelemea kusini, na ukanda wa mvua unashindwa kupanda kaskazini kama kawaida yake. Sahel na Ethiopia, zilizoko kwenye ukingo wa mwisho wa safari hiyo, ndizo za kwanza kukosa. Jim Haywood na wenzake wa Uingereza walipopitia kumbukumbu za kuanzia 1900 hadi 2010, waliona kwamba kati ya miaka minne ambayo majira ya mvua ya Sahel yalikuwa makavu kuliko yote, mitatu ilitanguliwa na mlipuko mkubwa katika nusu ya kaskazini, ukiwemo wa Katmai, Alaska, mwaka 1912 na wa El Chichón mwaka 1982. Sitaki isomeke kwamba El Chichón ndio ulioleta njaa ya miaka ya 1980. Sahel ilikuwa inakauka tangu mwisho wa miaka ya 1960, bahari zina sehemu yao, na vita na serikali zilikuwa na sehemu kubwa zaidi katika njaa yenyewe. Lakini mlima wa Mexico uliongeza mzigo kwa watu waliokuwa wameshalemewa.

Mlipuko unaogawa salfa pande zote mbili pia hugusa mvua, kwa njia nyingine: jua likipungua, bahari hutoa mvuke mchache na nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, hivyo monsuni hudhoofika. Katika miezi iliyofuata Pinatubo, mvua iliyonyesha nchi kavu duniani na maji yaliyomwagwa na mito baharini vilishuka sana, kama walivyoonyesha Kevin Trenberth na Aiguo Dai mwaka 2007. El Niño ya mwaka huohuo ilichangia, na ukame mkali wa kusini mwa Afrika wa 1991 na 1992 hauwezi kutenganishwa nayo.

Afrika yenyewe imechangia kisa kimoja cha karibuni. Usiku wa tarehe 12 Juni 2011, Nabro, mlima wa Eritrea karibu na mpaka wa Ethiopia usio na kumbukumbu ya mlipuko, uliamka na kutoa salfa zaidi ya tani milioni moja. Tabaka lake la chembe lilikuwa kubwa kuliko lolote tangu Pinatubo, na likazua ubishi wa miaka: je, mlima uliifikisha salfa stratosfia wenyewe, au ilinyanyuliwa na monsuni ya Asia baada ya kupeperushwa mashariki? Kisha tarehe 15 Januari 2022 Hunga Tonga, mlima ulio chini ya bahari katika Pasifiki, ulirusha wingu kilomita 57 juu, lakini salfa yake haikufika hata tani milioni moja. Ulichopeleka juu ni maji, kama tani milioni 146, kiasi cha sehemu ya kumi ya mvuke wote wa stratosfia, na mvuke hushika joto badala ya kuzuia jua. Hakuna mlipuko mwingine uliowahi kupimwa uliofanya hivyo.

Mwaka 2006 Paul Crutzen, aliyepata Tuzo ya Nobeli kwa kazi yake juu ya ozoni, aliandika kwamba kama nchi zitashindwa kupunguza hewa ukaa, huenda ikabidi wanadamu wapeleke salfa stratosfia wenyewe, kwa makusudi, ili kupoza dunia kama Pinatubo. Mrusi Mikhail Budyko alikuwa ameshalisema jambo hilo miaka ya 1970. Lilipotoka kwa mtu wa hadhi ya Crutzen lilipata uzito, na leo lina watafiti, fedha na watetezi. Hoja yao ni kwamba inafanya kazi, na katika kipimo cha joto la wastani wa dunia ni kweli: Pinatubo ulithibitisha.

Ila wastani haulimi. Hesabu za Haywood na wenzake zilijaribu jambo hilo pia: salfa ikipelekwa upande wa kaskazini peke yake, Sahel inakauka; ikipelekwa kusini peke yake, Sahel inapata mvua zaidi na wengine wanapoteza. Latitudo ambayo ndege zitamwagia salfa inaamua ni nani atapanda mtama na nani hatapanda. Na kwa kuwa vitone huanguka ndani ya mwaka mmoja au miwili, kazi hiyo haiwezi kusitishwa ghafla bila joto lililozuiwa kurudi kwa mkupuo. Anayeianza anawafunga na wajukuu wake.

Mwezi Agosti 2023, mawaziri wa mazingira wa Afrika waliokutana Addis Ababa walitaka uwepo utaratibu wa kimataifa wa kutotumia mbinu hizo. Februari iliyofuata suala lilifika Nairobi, katika Baraza la Umoja wa Mataifa la Mazingira, ambako Uswisi, nchi ileile iliyoona njaa ya mwaka 1816, ilikuwa imependekeza azimio la kuunda jopo la wataalamu kulichunguza. Nchi za Afrika zilishikilia msimamo wa Addis Ababa. Nchi nyingine hazikutaka kufungwa mikono. Azimio liliondolewa, na mkutano ukafungwa tarehe 1 Machi 2024 bila makubaliano yoyote juu ya nani mwenye haki ya kuigusa stratosfia.